Kifaa Kisichotoka Gereji

Rafiki yangu wa Louisville alipopiga simu kunialika Columbus kwenye harusi ya binti yake, hakuanza na binti. Alianza na gari.

“Ile ng'ombe yangu iko namna gani?”

Nikamwambia inakohoa. Akauliza kama bado inatembea. Nikasema kutembea inatembea, ila haitaki kusimama. Kila nikifika kwenye taa nyekundu inazima. Akacheka.

“Bon,” akasema. “Kuja nayo Columbus. Nataka wakwe waione.”

Lazima nieleze hapa, maana mtu asiyetoka kwetu atadhani tulikuwa tunachezeana. Kwetu juu, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, mwanamume akimpenda mwenzake humpa ng'ombe. Si zawadi ya kushukuru mara moja ukaenda zako. Huyo ng'ombe humuuzi wala humchinji bila aliyekupa kujua. Akizaa unapeleka habari, akiugua unapeleka habari, na siku aliyekupa akiwa na shughuli kubwa nyumbani kwake, wewe ndiye wa kufika mapema. Watu wakimwona ng'ombe huyo malishoni wanajua nani na nani ni marafiki. Akikonda mikononi mwako kwa uvivu, wanajua pia.

Mimi na mwenzangu huyu tulikaa jirani mtaa wa Shively, kule Louisville, na tulifanya kazi kwenye ghala moja, yeye zamu ya asubuhi, mimi ya mchana. Ng'ombe hatukuwa nao, na hata tungekuwa nao pa kuwafunga hapakuwepo. Alichokuwa nacho yeye ni pikapu ya zamani ya rangi ya buluu, ya miaka ile kabla kompyuta hazijaingia kwenye magari. Siku familia yangu ilipohamia Buffalo, alisimama uani mbele ya watu waliokuja kutuaga, akaushika ufunguo kwa mikono miwili, akasema yale maneno ya mtu anayetoa ng'ombe: kwamba anatoa kwa moyo, kwamba maziwa yasikauke, kwamba njia kati ya nyumba hizi mbili isiote majani. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Halafu nikajibu maneno ya mpokeaji kwa kadiri nilivyoyakumbuka, na mengine nilikuwa nimeyasahau.

Mpaka simu ile sikuwa na hakika kama alifanya mzaha au la. Nimelifikiria sana jambo hili. Kuna siku nilijiambia kwamba alikuwa anaondoa chuma chakavu uani kwake kwa maneno matamu. Lakini si haki kusema hivyo. Gari lilikuwa zima alipolitoa, ndilo alilokuwa akiendea kazini, na baada ya kunipa alipanda basi majira yote ya baridi. Mtu hafanyi hivyo kwa mzaha. Au labda alianza kwa mzaha, kisha akaona aibu kurudi nyuma mbele ya watu, sijui. Nilichojua ni kwamba sasa analiita gari mbele ya wakwe, na jambo likawa moja tu. Ama nifike Columbus na pikapu ikiwa hai, isimame na kunguruma yenyewe watu wakitazama, ama nifike na gari letu dogo nimwambie kwamba ng'ombe wake amenifia.

Mke wangu alinisikiliza akiwa anafunga viatu vya kazi. Yeye hutunza wazee, na hupima mambo kwa utulivu kuliko mimi. Akasema ng'ombe hufa pia, hata kule kwetu. Unatuma habari, mnasikitika pamoja, mnaendelea. Alisema kweli. Nilimjibu kwamba ng'ombe akifa baada ya kutafutiwa dawa ni jambo moja, na akifa wewe ukimtazama ni jambo lingine, na mimi hadi siku ile nilikuwa nimemtazama tu.

“Basi mtafutie dawa, papa,” akasema. “Lakini grisi isipande kwenye viti vyangu.”

Ugonjwa wenyewe niliujua, au nilidhani naujua. Gari la namna ile lina kabureta, chombo kinachokaa juu ya injini na kuchanganya petroli na hewa. Kwenye kabureta kuna skrubu ndogo ya mchanganyiko: ukiifunga petroli inapungua, ukiifungua inaongezeka. Ikiwa haiko sawa, gari litakimbia vizuri barabara kuu, lakini ukiondoa mguu kwenye mafuta linakata roho. Ule mngurumo wa polepole, gari likiwa limesimama bila mguu, sisi tuliuita ralanti. Pikapu yangu haikuwa na ralanti. Nilikuwa naiendesha kwa kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto na mafuta kwa mguu wa kulia, wakati mmoja, kama mtu anayeponda mahindi kwa miguu.

Shule yangu iliishia njiani, lakini kabureta si kitu kigeni kwangu. Ujanani nilikuwa utingo wa gari la misheni moja kule juu. Dereva wake alinifundisha hivi: funga skrubu hadi mwisho, kisha ifungue mzunguko mmoja, uache. Basi. Kwa bisibisi ya kawaida, au kwa ncha ya kisu kama bisibisi imepotea. Gari lile ungeweka kikombe cha chai juu ya boneti, na chai isimwagike.

Kwa hiyo Jumamosi moja, kando ya nyumba yetu huku Buffalo, mtaa wa Riverside, upepo wa mto ukinipiga mgongoni, nilifungua boneti nikiwa na bisibisi mkononi na moyo mwepisi. Skrubu niliipata ndani ya tundu refu jembamba. Kichwa chake hakikuwa na mfereji. Kilikuwa cha mviringo, kimekatwa bapa pande mbili, basi. Bisibisi ilitelezea juu yake. Koleo halikuingia. Nikachukua ganda la kalamu ya plastiki, nikalilainisha kwa moto wa kiberiti, nikalisukuma juu ya kichwa kile likiwa moto, nikangoja lipoe. Nilipozungusha, plastiki ikazunguka peke yake na skrubu ikabaki ilivyokuwa.

Nilisimama pale muda mrefu. Nilianza kujiuliza kama ile ni skrubu kweli, au ni kichwa cha msumari tu, na mimi ni mjinga ninayetaka kuzungusha msumari.

Kwenye duka la vipuri kijana wa kaunta aliniuliza mwaka wa gari, akaandika kwenye kompyuta, akatazama, akaandika tena. Alikuwa na adabu sana. Mwishowe akakiri kwamba hajawahi kuona kabureta kwa macho yake, akamwita mfanyakazi mzee kutoka nyuma. Yule mzee alinielewa kwa picha ya kwenye simu yangu. Akanieleza, kwa Kiingereza cha polepole na kwa vidole, kwamba kiwanda kilitengeneza kichwa kile makusudi ili watu wasikiguse. Kila mtu alikuwa anafungua petroli apendavyo, na miji ikajaa moshi. Hata tundu lenyewe lilizibwa. Aliyeondoa kizibo cha pikapu yangu ni mtu mwingine kabla yetu. Skrubu ile ina kifaa chake peke yake, na wao hawana tena.

Siku ile nilikilaani kiwanda njia nzima hadi nyumbani. Sasa naona kiwanda hakikukosea. Nimeishi Bukavu, nimevuta ule moshi wa malori kwenye mteremko wa soko, na mama yangu mdogo alikohoa nao hadi uzeeni. Lakini mtu mwenye harusi mbele yake hana nafasi ya kukitendea haki kiwanda.

Niliagiza kifaa kwa simu. Nilichagua kwa kutazama picha. Kilipofika, midomo yake ilikuwa na meno meno ndani, kama gurudumu la saa, na kichwa cha skrubu yangu kina bapa mbili tu. Muuzaji hakunidanganya, alikuwa ameandika chini ya picha ni cha skrubu gani, mimi sikusoma hadi mwisho kwa kuwa maandishi yalikuwa mengi na Kiingereza changu huchoka haraka.

Ndipo Mrundi mmoja tunayefanya naye kazi kwenye mashine za plastiki akaniambia kuna mzee Mmarekani mtaa wa East Side, nyuma ya nyumba yake ana gereji, anatengeneza magari ya zamani kwa kupenda tu. Nikapanda basi.

Mzee alikuwa mtu mweusi mrefu, amestaafu kiwandani, amekaa kwenye kiti cha gari kilichowekwa sakafuni. Aliniuliza kama natoka Jamaika. Nikasema Kongo. Akasema alidhani Kongo ni mto. Nikamwambia ni mto pia. Hilo lilimpendeza, sijui kwa nini, akanionyesha ukuta wake.

Ukuta mzima ulikuwa ubao, na kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, kiasi kwamba kikiondolewa unaona pengo lake. Nilimwonyesha picha ya skrubu. Hakuitazama mara mbili. Alitundua kifaa chembamba chenye shina la kupindika kama springi, na mdomoni kina tundu la mviringo lenye bapa mbili. Nilikijua kabla hajanipa. Nilikishika, nikahisi mikono inapata joto, nikamwomba aniazime hadi kesho.

Akakichukua mkononi mwangu bila ukali, akakirudisha kwenye umbo lake.

“Hiki hakitoki gereji. Kilichotangulia nilimwazima shemeji yangu. Shemeji akafa. Mpaka leo sijui kama walimzika nacho.”

Nilitaka kukasirika, lakini ningekuwa na ukuta kama ule, na mimi nisingeazima. Akasema kama nataka kukitumia, nilete gari.

Kutoka Riverside hadi East Side ni taa nyekundu nyingi kuliko nilivyowahi kufikiri. Nilikwenda Jumamosi asubuhi kabla magari hayajajaa, nikitafuta njia za kupinda kulia tu. Hata hivyo pikapu ilinizimia katikati ya makutano. Dereva mmoja alinitukana akapita. Mwingine akashuka, akanisukuma hadi kando, akaondoka bila kungoja asante. Nawaandika wote wawili hapa.

Nilipofika, mzee alinipa kifaa na kusimama nyuma yangu, mikono mifukoni. Kilikaa juu ya kichwa cha skrubu kama kofia. Nikafanya nilivyofundishwa: nikafunga hadi mwisho, nikafungua mzunguko mmoja, nikaacha. Injini ilikuwa imepata moto kutoka njiani. Ikatulia. Nikaondoa mkono.

Mzee akainamisha kichwa upande mmoja. “Hivyo tu?”

“Hivyo tu.”

“Gari ni lako,” akasema, akarudi kwenye kiti chake na redio yake.

Nilirudi nyumbani bila gari kuzima hata mara moja. Nilipaki, nikamwita mke wangu aje asikie. Akasikia, akasema kweli, ng'ombe amepona. Usiku ule nililala vizuri.

Asubuhi baridi ya Oktoba ilikuwa imeshuka, vioo vimeganda. Pikapu ikawaka, ikatetemeka, ikafa. Ikawaka tena, ikafa upesi zaidi. Nilirudia mpaka betri ikalia kwa sauti ya mtu aliyechoka kuombwa. Siku iliyofuata vilevile. Kabla ya kwenda kwa mzee, gari lilikuwa linakufa kwenye taa. Sasa lilikuwa linakufa mlangoni. Nilikuwa nimelizidishia ugonjwa kwa mkono wangu mwenyewe, na harusi ilikuwa wiki inayofuata.

Mke wangu alitoka na kikombe chake cha chai, akazunguka gari, akafikiri.

“Yaani sasa una ng'ombe asiyetembea,” akasema, “na daktari asiyetoka nyumbani kwake.”

Nilishika simu ili nimpigie mwenzangu wa Louisville. Nilikuwa nimeshapanga maneno: kwamba nimejaribu, kwamba nitakuja na zawadi nyingine. Sikupiga. Ningependa kuandika kwamba ni kwa sababu ya urafiki, lakini huenda ilikuwa kiburi. Viwili hivyo kwangu havikai mbali. Nilivaa koti, nikapita dukani nikanunua kipande cha bomba la shaba, jembamba kama penseli, nikapanda basi kwenda East Side. Kama kifaa hakitoki gereji, na gari haliji gereji, basi nitakwenda kutengeneza kifaa kingine mbele ya kile.

Mzee alisikiliza habari zangu akiwa na kahawa mkononi. Hakushangaa.

“Nani alikufundisha mzunguko mmoja?”

“Dereva wetu, kwetu.”

“Kwenu wapi? Bondeni?”

“Juu. Milimani.”

“Juu kiasi gani?”

Namba sikuijua. Nikamwambia kuna asubuhi tulikuwa tunatazama mawingu chini yetu, mvua inawanyeshea watu wa bondeni na sisi tunaota jua.

Akaweka kahawa chini kwanza, ndipo akacheka. Alicheka hadi akakohoa. “Umeitengeneza kwa ajili ya kule,” akasema. “Kule hewa ni nyepesi, petroli kidogo inatosha. Hapa uko kando ya ziwa, na hewa ni nzito na ya baridi. Unampa mtu mzima chakula cha mtoto.”

Nilikaa juu ya gurudumu lililokuwa pale. Kwa sababu niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona miaka yote. Gari la misheni lilikaa juu; kushuka bondeni kwenye joto ilikuwa mara chache. Lakini kila tuliposhuka, dereva alisimama mahali pale pale, pale migomba inapoanza, akafungua boneti. Na mimi kila mara nilikuwa nyuma, natafuta mawe ya kuwekea matairi ili gari lisiteleze. Ndiyo kazi ya utingo. Tulipopanda alisimama tena pale pale, na mimi tena na mawe yangu. Alikuwa anafungua akishuka na kufunga akipanda, na mimi nilijifunza nusu ya kazi nikidhani ni kazi nzima. Dereva hakunificha. Mawe ndiyo yaliyonizuia kuona.

Nilimuuliza mzee kwa nini hakuniambia siku ile. Akasema sikuuliza, na kwamba nilikuwa na mkono wa mtu anayejua. Sina la kumlaumu. Mkono wangu ulikuwa unajua kweli, ila ulikuwa unajua mahali pengine.

Nikamwonyesha bomba langu la shaba na kumwambia ninachotaka. Alitazama bomba, akatazama ukuta, akatundua kile kifaa na kukiweka juu ya benchi karibu na jiliwa, kile chuma cha kubania. Akasema naweza kukitazama nitakavyo, na kukipima nitakavyo, na kikivuka mlango atajua. Halafu akahamisha kiti chake karibu na mlango. Nadhani ulikuwa utani. Sina hakika.

Kazi yenyewe iliniumiza vidole. Nilichukua msumari mnene, nikaupiga tupa kichwa na pande mbili hadi ukaingia sawasawa katika mdomo wa kifaa cha mzee. Kwa hiyo msumari ukawa sawa na skrubu yangu. Kisha nikauvika bomba la shaba na kulibana kwenye jiliwa, upande huu na upande ule, ili shaba ifuate umbo la msumari. Bomba la kwanza nilibana kwa pupa likapasuka. Nilikata kipande kingine, nikabana kidogo, nikageuza, nikabana. Mzee hakunisaidia, na sikutaka anisaidie. Mara moja tu alisema nikipashe moto kwanza. Nilikipasha, na shaba ikatii. Nilipomaliza nilifunga mpini wa kipande cha fimbo ya ufagio. Kilikuwa kibaya kukitazama. Mzee alikijaribu kwenye msumari, akakizungusha, akanirudishia.

“Usihesabu mizunguko,” akasema. “Sikiliza gari. Litakuambia likishiba.”

Asubuhi iliyofuata nilingoja baridi ile ile iliyoniaibisha. Mke wangu alisogeza gari lake, tukaunga betri kwa betri, akapanda kwenye pikapu kuishikilia kwa mguu. Nilikaza kifaa changu juu ya skrubu na kuanza kufungua, kidogo, kwa sikio. Nilipita kipimo, moshi mweusi ukatoka na gari likaanza kurukaruka. Nikarudi. Kulikuwa na mahali sauti ilishuka na kuwa nene, kama mtu aliyeacha kulalamika na kuanza kuzungumza. Nikaacha hapo. Nilimwambia mke wangu aondoe mguu, na sikumtazama.

“Mguu uko juu,” akasema.

“Nasikia.”

“Uko juu tangu zamani. Nasema tu ili uamini.”

Tuliondoka Buffalo alfajiri ya Ijumaa, mimi mbele na pikapu, yeye nyuma na watoto kwenye gari dogo. Hilo ndilo sharti alilotoa, na lilikuwa la haki: gari lenye akili lifuate lile lisilo na akili, ili likidondoka liokotwe. Ziwa lilikuwa mkono wa kulia kwa saa nyingi, la kijivu, na upepo wake ukiisukuma pikapu kama mtu mlevi anayetaka kukushika bega. Barabarani sikuwa na wasiwasi. Wasiwasi wangu ulikuwa kusimama. Nami nisije nikapamba mambo: ilizima mara moja, kwenye njia ya kutokea barabara kuu, tukiwa tumeshaingia Ohio. Nilitoa kile kifaa kibaya mfukoni, nikafungua boneti kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, nikaongeza kidogo. Mke wangu alibaki ndani ya gari lake, kioo kimefungwa, akinitazama bila kuniuliza chochote. Namshukuru kwa hilo.

Columbus tulikuta watu wamejaa kwa dada yake mwenzangu, ndiko upande wa bibi harusi ulikofikia kutoka Louisville. Wanaume walikuwa na suti, wanawake na vitambaa vyao vya kufunga begani, na barabarani upande wa bwana harusi umeshaanza kushuka kwenye magari. Mwenzangu alitoka. Amenenepa kidogo, na nywele zimeingia mvi. Tulishikana mikono tukaulizana habari za nyumbani, za wazee, za watoto, za kazi, zote kwa utaratibu wake, kana kwamba nyuma yangu hakuna gari. Pikapu ilikuwa inanguruma. Sikuwa nimeizima, na ufunguo nilikuwa nimeuacha mle ndani makusudi.

Ndipo akaiendea. Alipita nyuma kwanza, kama tunavyofanya kwa ng'ombe, akapita ubavuni, akasimama mbele. Akaweka kiganja juu ya boneti na kukiacha hapo. Kulikuwa na kutetemeka kidogo, sitasema hakukuwepo. Chai ingemwagika.

Mjomba wa bwana harusi, mtu wa maneno, akapaza sauti kutoka kando ya barabara kwamba gari hilo ni la makumbusho, na kama wanauza, yeye atanunua afugie kuku.

“Haiuzwi,” mwenzangu akasema, bila kuondoa mkono. “Hiyo niliitoa. Muulize mwenye nayo.”

Yule mjomba ni wa milima ile ile. Uso wake ulibadilika pale pale, akavua kofia, akaja kunipa mkono, na akaniuliza kwa heshima kabisa kama ng'ombe anakamuliwa. Nikasema anakamuliwa. Watu walicheka, lakini hawakucheka kama wale wa Shively, au labda mimi ndiye niliyesikia tofauti.

Mchana, baada ya sala na maneno ya pande mbili, tulipakia vitu vya bibi harusi: godoro, masanduku, sufuria, vibuyu vya maziwa vilivyofungwa ndani ya blanketi. Vijana walitaka kukodi lori. Mwenzangu akakataa. Akapanda mbele pamoja nami ili anionyeshe njia ya kwenda kwenye nyumba ya maharusi.

Kwenye taa nyekundu ya kwanza nilitoa mguu kwenye mafuta, nikaushusha sakafuni, nikauweka wazi ili auone. Alikuwa ameutazama tayari. Alikaa mbele kidogo ya kiti, sikio lake limeelekea kwenye injini, mpaka taa ilipogeuka. Kwenye ya pili vilevile. Vibuyu viligongana taratibu nyuma yetu.

Kwenye taa iliyofuata alijilaza kwenye kiti. Akaniambia kwamba asubuhi ile binti yake hakulia hata kidogo, na kwamba yeye ndiye aliyelia, bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili dada yake asisikie. Aliendelea kunieleza, kwa sauti ya chini, jinsi nyumba ya Shively itakavyokuwa kimya sasa. Injini alikuwa ameshaacha kuisikiliza. Taa ikawa ya kijani, na kwa kuwa alikuwa bado anaongea, niliondoka polepole.